Latitudo ni ya Mungu, longitudo ni ya Mwingereza. Mwenye kubisha aje

#1 Bin_Langoni (Lamu)
Salaam wanajukwaa. Mwanangu wa gredi ya saba amepewa kazi ya tufe la dunia, na mimi katika kumsaidia nimeishia kukosa usingizi. Nimefika hapa: latitudo ni maumbile, longitudo ni ubabe.

Dunia inajizungusha, kwa hivyo ina ncha mbili bila kuulizwa mtu. Ncha zikiwepo, katikati yake ipo, na hiyo ndiyo ikweta, sifuri ya latitudo. Hata kusingekuwa na binadamu, ikweta ingekuwa pale pale. Sasa niambieni, sifuri ya longitudo iko wapi? Haipo. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikaa Washington wakapiga kura, Greenwich ya London ikapita. Ufaransa ilikaa kimya kwenye kura hiyo, ikaendelea na Paris yake, na saa zake haikuzibadilisha hadi 1911. Lau nguvu zingekuwa zetu, sifuri ingepita katikati ya Ngome ya Lamu, na London ndiyo ingeandikwa digrii 40 na dakika 54 magharibi.

Bisheni.

#2 KijanaWaFaza
Kabla sijabisha: ipi imelala na ipi imesimama? Tangu shule nazichanganya.

#3 TichaMambrui
LAtitudo imeLAla. Ukishika hilo huna haja ya kitabu.

Longitudo zimesimama, zatoka ncha moja hadi ya pili. Menya chenza uangalie: zile kuta za vipande zote zakutana juu kwenye kikonyo na chini kwenye kitako. Ndivyo zilivyo longitudo. Kwenye ikweta digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 111, ukifika latitudo ya 60 imebaki nusu, na kwenye ncha hakuna kitu. Latitudo hazikutani maisha. Kutoka moja hadi nyingine ni kilomita 111 kila mahali, ikizidi au kupungua ni kidogo sana, kwa kuwa dunia imebonyea nchani. Lamu iko digrii 2 na dakika 16 kusini, basi ni kama kilomita 250 kutoka ikweta. Malindi ni digrii 3 na dakika 13, kama kilomita 357.

#4 MkweWaLamu (Kisumu)
Ticha, hapo ndipo walimu mnapotupoteza. Kama latitudo imelala mashariki hadi magharibi, mbona mwasema inapima kaskazini na kusini?

#5 TichaMambrui
Kwa sababu mstari ni mahali pote penye namba moja. Ukitembea juu ya mstari, namba haibadiliki hata ukifika Brazili. Ili ibadilike lazima uuvuke, na kuuvuka ni kupanda kaskazini au kushuka kusini.

#6 MkweWaLamu (Kisumu)
Ewaa. Miaka yote hiyo hakuna aliyenieleza hivyo. Shukran.

#7 Mbishi_wa_Maweni (Malindi)
Bin_Langoni, umebisha nusu. Kwanza, hata latitudo ina mikono ya watu. Nani alisema kutoka ikweta hadi ncha ni digrii 90? Duara la digrii 360 ni urithi wa hesabu za Babeli. Wafaransa baada ya mapinduzi yao walitaka robo duara iwe na vipande 100. Na hiyo 111 ya Ticha haikuanguka kutoka mbinguni: Wafaransa hao hao waliiweka mita ili kutoka ncha hadi ikweta, kwa mstari wa Paris, ziwe kilomita 10,000. Gawa kwa 90 uone.

Pili, longitudo si ubabe mtupu. Sifuri yake ndiyo iliyochaguliwa, lakini tofauti ya longitudo kati ya mji na mji ni jua lenyewe. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa dakika 4. Hilo halikupigiwa kura Washington.

#8 MkweWaLamu (Kisumu)
Hapo kwa jua niachieni mimi, nina ushahidi. Nimeoa Lamu. Kila Ramadhani shemeji zangu wanituma picha za sambusa na tende, wameshafuturu, na mimi huku Kisumu jua liko juu ya ziwa linanitazama. Nilidhani wananifanyia kusudi.

#9 Mbishi_wa_Maweni (Malindi)
Kusudi ni hizo picha. Jua halina makosa: Kisumu iko karibu digrii 34 na dakika 45 mashariki, Lamu 40 na 54. Tofauti ni digrii 6 na kitu, zidisha kwa 4, ni kama dakika 25. Lakini usinung'unike, nao ndio wanaotangulia kufunga asubuhi.

#10 MamaSwafiya (Shela)
Asalaam alaykum. Nami nina langu. Tumeambiwa saa sita mchana ndiyo katikati ya mchana. Mbona adhuhuri hapa Lamu huadhiniwa saa sita na robo, mara saa sita unusu, na kila mwezi yasogea? Saa imekosea au jua?

#11 FundiSimu_Barani (Malindi)
Bibi, shikamoo. Saa ndiyo si yetu. Saa ya Afrika Mashariki imetangulia Greenwich kwa saa 3, na saa 3 mara digrii 15 ni longitudo ya 45. Longitudo ya 45 haigusi Kenya. Inapita karibu na Mogadishu. Kwa hivyo sote tunatembea na saa ya Mogadishu: Lamu jua lachelewa dakika 16 hivi, Malindi 20, Kisumu kwa shemeji ni dakika 41.

Kuna na la pili. Dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja mwaka mzima, tena imeinama, ndiyo maana jua lenyewe hutangulia au kuchelewa. Mwanzoni mwa Novemba hutangulia kama dakika 16, na hapo Lamu jua hufika kilele karibu saa sita kamili. Katikati ya Februari huchelewa dakika 14, ndio unapata saa sita unusu.

#12 MamaSwafiya (Shela)
Marahaba. Mume wangu akichelewa chakula cha mchana husema ni mambo ya longitudo. Yeo nimempata.

#13 Nahodha_Matondoni
Nawasoma vijana, mwasema vyema. Lakini wazee wetu walikwenda Makalla, Maskati na Bombei bila hiyo longitudo. Mwataka kujua vipi?

Babu yangu alikuwa na kamali, ikitungikwa ukutani. Mimi sikuitumia, sisi tulikuta dira. Hiyo kamali ni kibao kidogo cha mti, chapata kiganja, katikati kina tundu na uzi umepita. Uzi una mafundo. Wauma fundo kwa meno, wanyoosha kibao hata uzi ukaze, ukingo wa chini waweka penye mwisho wa bahari, ukingo wa juu wagusa nyota. Kila bandari ina fundo lake. Wajua fundo la Maskati ni lipi, basi watafuta hiyo nyota ikae pale, kisha washika tanga kufuata upande mmoja hata nti ikutokee. Upana wa bahari walihesabu kwa siku za safari na rangi ya maji.

#14 KijanaWaFaza
Ami, hiyo ni latitudo tupu! Babu zetu walikuwa wanasafiri kwa mistari iliyolala.

#15 Mbishi_wa_Maweni (Malindi)
Kwa heshima zote ami, swali. Nyota ya kupima hivyo ni ile ya kaskazini, na kimo chake ndicho latitudo yako. Sawa. Lamu tuko kusini mwa ikweta. Huku nyota hiyo iko chini ya upeo, hatuioni. Sasa mtu aliyetweka tanga Lamu alikuwa anapima nini?

#16 Nahodha_Matondoni
Alikuwa hapimi. Aifuata pwani hata apite Mogadishu, nyota ikatoka, ndipo kamali ikatoka.

#17 TichaMambrui
Ami, na kuna Farkadi, zile nyota mbili zinazoizunguka nyota ya kaskazini. Ibn Majid, yule baharia Mwarabu wa miaka ya 1400, katika maandishi yake anazitumia pale ambapo nyota kuu iko chini mno. Kipimo chao kilikuwa kidole, na kidole kimoja ni kama digrii 1 na dakika 36.

#18 Mwana_Tanga
Wakuu, naomba niongeze. Miaka ya 1400 nyota hiyo haikuwa karibu na ncha kama leo. Ilikuwa mbali kama digrii 3 na nusu, inazunguka. Kwa hesabu, hata Lamu kuna saa za usiku ingechungulia juu ya upeo kidogo.

#19 Mbishi_wa_Maweni (Malindi)
Digrii moja juu ya bahari, na ukungu wa upeo? Labda uwe na macho ya kipanga.

#20 Nahodha_Matondoni
Hukuona bahari ya kaskazi usiku, kijana. Upeo hukatika kama kwa kisu.

#21 Ngomeni_Juu
Na tusisahau, Ibn Majid ndiye aliyempeleka Vasco da Gama India kutoka hapa kwetu Malindi. Longitudo au latitudo, rubani alipatikana Malindi, sio Lamu 😄

#22 TichaMambrui
Hilo la Ibn Majid lina utata mkubwa. Aliyeliandika ni Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, katika karne ya 16, baada ya mambo kupita. Waandishi wa Kireno wanamtaja rubani Mwislamu kutoka Gujarati. Wanahistoria wengi leo wako upande wa Mgujarati. Lililo wazi ni tarehe: waling'oa nanga Malindi 24 Aprili 1498, wakafika Calicut 20 Mei. Walitoka digrii 3 kusini wakafika digrii 11 kaskazini kwa chini ya mwezi, maana kusi lilikuwa linaanza.

#23 Bin_Langoni (Lamu)
Kwa hivyo Malindi ilitoa chumba cha kulala tu, rubani alikuwa mgeni. Ahsante Ticha.

#24 Ngomeni_Juu
Tunaitunza nguzo ya Vasco da Gama, nyinyi mna punda.

#25 Baharia_Kilindini (yuko melini)
Nimepita hapa. Siku moja meli ilitia nanga Uingereza nikapata nafasi ya kwenda Greenwich. Pale uani kuna ukanda wa chuma chini, watu wanapanga foleni kupiga picha, mguu mmoja mashariki mwingine magharibi. Nikatoa simu. Haikuonyesha sifuri! Nikatembea mashariki hadi ndani ya bustani, kama mita 100, karibu na pipa la taka, ndipo ikasoma sifuri. Hakuna alama, hakuna foleni. Bin_Langoni, Mwingereza wako naye kasogezewa mstari.

#26 KijanaWaFaza
Si mabara yanasogea? Tulisoma hivyo.

#27 FundiSimu_Barani (Malindi)
Mabara husogea sentimita chache kwa mwaka. Kuanzia 1884 hadi leo hayafikishi hata mita 10.

#28 Mwana_Tanga
Nilivyoelewa mimi ni suala la timazi. Darubini ya zamani iliwekwa wima kwa kufuata mvutano wa dunia, na mvutano pale unavutwa pembeni kidogo kwa sababu miamba chini haikujaa sawasawa. Setilaiti zinapima kutoka kitovu cha dunia, hazijali timazi.

#29 Baharia_Kilindini (yuko melini)
Mwenzangu melini asema ni Wamarekani tu walivyoanza kupima upya na setilaiti zao. Sijui nimshike nani.

#30 FundiSimu_Barani (Malindi)
Mimi niwarudishe chini. Hapa dukani naingiziwa mashine za GPS za maboti, na nyingi hazina ubovu wowote. Shida ni namna ya kuandika. Kuna digrii na dakika, na kuna digrii zenye nukta. Dakika ni 60, sio 100!

Juzi kaja nahodha wa boti la uvuvi amefura. Rafiki yake wa Lamu amempa mahali pa mwamba wa changu kwa kumtajia mdomoni "mbili kumi na sita". Yeye akaingiza 2.16 kwenye mashine iliyowekwa kwa nukta. Lakini digrii 2 na dakika 16 kwa nukta ni 2.267. Ile 2.16 yake ni digrii 2 na dakika 9 na nusu hivi. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Hesabu: amekosa mwamba kwa zaidi ya maili 6, kama kilomita 12. Kachoma petroli, karudi na ndoano kavu, akataka kuvunja urafiki. Nilimwonyesha kwenye kioo, nikabadilisha mpangilio, mstari wa namba ukaruka mbele ya macho yake. Alikaa kimya kisha akauliza bei ya chaja.

Na msisahau alama ya kutoa. Kusini ni namba hasi. Andika Lamu 2.27 na 40.9 bila kutoa, simu itakupeleka jangwani njia ya El Wak.

#31 Mbishi_wa_Maweni (Malindi)
Na ukizigeuza, longitudo mbele latitudo nyuma, 40.9 na kutoa 2.27? Nimejaribu sasa hivi. Niko Hispania, kaskazini mashariki ya Madrid 😂

#32 MamaSwafiya (Shela)
Nitumieni na mimi hizo namba, nimechoka na joto.

#33 KijanaWaFaza
Sasa mimi nabisha rasmi. Bin_Langoni asema latitudo ni ya Mungu. Muulize mvuvi wa Kiunga. Serikali yetu tangu 1979 ilisema mpaka wa bahari na Somalia unafuata latitudo: kutoka pale nchi kavu inapoishia, karibu digrii 1 na dakika 39 kusini, mstari umelala hadi huko mbele mashariki. Somalia ikasema la, mstari uende mshazari kuelekea kusini mashariki, uwe umbali sawa na pwani za nchi zote mbili. Bahari yenyewe iliyogombaniwa ni zaidi ya kilomita mraba 100,000. Oktoba 2021 mahakama ya kimataifa kule Hague ikakataa ule wa latitudo, ikachora wake ulio karibu na wa Somalia ila umesogezwa kidogo. Kenya ikasema haiutambui uamuzi. Mstari wa Mungu vipi unakataliwa na majaji?

#34 Mwana_Tanga
Na huko nchi kavu kipande kirefu cha mpaka wenu na Somalia ni longitudo, pale karibu na 41 mashariki. Kachora mkoloni kwa rula.

#35 Bin_Langoni (Lamu)
Latitudo haikukataliwa, mpaka ndio uliokataliwa. Mstari bado upo pale pale majini.

#36 KijanaWaFaza
Waambie hivyo askari wa doria wakikukamata.

#37 MSIMAMIZI
Mpaka tuuache hapo, tafadhali. Uzi ni wa mistari.

#38 Ngomeni_Juu
Haya mistari. Kwa nini Waitaliano walikuja kurusha roketi kwetu Ngomeni na sio Italia? Latitudo! Ngomeni tuko chini ya digrii 3. Kwenye ikweta dunia yakimbia mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki, hapa kwetu ni 464. Kule Florida Wamarekani wanapata kama 408. Roketi yapewa msukumo wa bure kabla haijawasha moto. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa lao la baharini, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na ndiyo ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kutafuta eksirei za nyota. Wazee wetu walikuwa wanaona moto ukipanda kutoka baharini.

#39 Mbishi_wa_Maweni (Malindi)
Msukumo upo, lakini sidhani ndiyo sababu kubwa. Mashariki mwa Ngomeni ni bahari tupu, kikianguka chuma hakimwangukii mtu.

#40 Mwana_Tanga
Sababu ni njia ya setilaiti, wakuu. Ukitaka izunguke juu ya ikweta bila kupinda, rusha kutoka ikweta. Ukirusha kutoka Ulaya unalipa mafuta mengi kuinyoosha.

#41 Ngomeni_Juu
Mzee wangu asema walipenda kamba wetu.

#42 MkweWaLamu (Kisumu)
Kama ni ikweta, njooni Kisumu, inapita jirani tu. Na Nanyuki kuna vijana wana beseni: upande huu maji yanazunguka kulia, hatua chache upande ule yanazunguka kushoto. Nimeona kwa macho yangu.

#43 TichaMambrui
Umeona mkono wa kijana anavyomimina. Mzunguko wa dunia unageuza vimbunga, hauna nguvu ya kugeuza beseni, na hapo ikwetani ndipo ulipo dhaifu kabisa.

#44 MkweWaLamu (Kisumu)
Nilimlipa, Ticha. Niache niamini.

#45 MamaSwafiya (Shela)
Mumezungumza yote mumesahau kibla. Makka iko longitudo ya 39 na dakika 49. Malindi ni 40 na dakika 7. Karibu mstari mmoja! Ndiyo maana misikiti yetu ya zamani huku pwani inatazama kaskazini. Malindi kibla imepinda magharibi hata digrii moja haifiki, Lamu ni kama mbili na nusu. Kisumu kwa mkwe wetu lazima aelekee mashariki ya kaskazini, kama digrii 12 au 13. Asije akasali kwa kufuata alivyozoea kwa wakwe.

#46 FundiSimu_Barani (Malindi)
Bibi, umetufunga. Na mwenye shaka na simu yake, kuna njia isiyotaka chaji: tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27, jua huwa juu ya Kaaba kabisa. Saa yetu na ya Saudia ni moja. Simamisha fimbo wima, kivuli kinakoangukia ni kinyume cha kibla.

#47 Bin_Langoni (Lamu)
Kwa hivyo misikiti ya pwani imejengwa kwa longitudo kabla Mwingereza hajaipigia kura. Mnaniunga mkono au mnanibisha? Sielewi tena.

#48 Baharia_Kilindini (yuko melini)
Bado hamjagusa longitudo ya 180, karibu na hapo ndipo unapopita mstari wa kubadilisha tarehe. Samoa mwaka 2011 walihamia upande wa pili wa mstari ili wafanye biashara na Australia siku moja. Walilala tarehe 29 Desemba wakaamka tarehe 31.

#49 KijanaWaFaza
Na mwenye deni la kulipwa tarehe 30?

#50 MamaSwafiya (Shela)
Tarehe 30 Desemba 2011 si ilikuwa Ijumaa? Sala ya Ijumaa walisali lini?

#51 Mbishi_wa_Maweni (Malindi)
Hawakuwa na Ijumaa, basi walisali adhuhuri ya kawaida.

#52 Nahodha_Matondoni
Adhuhuri ya siku ipi?